Namba Kumi Wetu Asitoke Chuo, na Anayesema Hivyo Ni Mimi Niliyetoka

Nitasema hivi, mkasirike mkitaka: kasini yangu asitoke chuo. Si msimu huu. Naamini msimu ujao anaweza kuwa namba kumi bora kuliko wote niliowahi kuona kwenye mechi za vyuo huku kwetu, lakini akibaki pale alipo.

Najua mnachosema. "Wewe? Wewe ndiye wa kutuambia tukae chuo?" Ndio, mimi. Nilitoka mwaka wa pili, stori mnaijua, sijutii na simwombi mtu radhi. Ndiyo maana naongea. Mtu aliyetoka anaujua huo mlango, ndani na nje.

Wacha niwape hali ilivyo. Huyu kijana anasoma diploma katika chuo kimoja hapa Kisii. Jina lake siweki, na la chuo pia siweki. Kwao ni upande wa Nyansiongo, kule Nyamira, lakini siku za masomo anakaa kwetu, kwa hivyo namjua hadi saa anazolala. Mwezi uliopita jamaa fulani alimpigia simu: njoo Nairobi, achana na hiyo diploma, nitakutafutia timu. Hakuna karatasi. Hakuna jina la timu. Kuna "nitakutafutia" tu.

Na mnajua vile mambo yako. Tangu CHAN ya Agosti 2025, Harambee Stars walipoipiga Morocco pale Kasarani na kufika robo fainali, kila kijana mwenye viatu vya mpira anasubiri simu kama hiyo. Mama yake, ambaye namwita mama mdogo, anataka amalize masomo. Baba yake anasema mpira haujajengea mtu nyumba pale kijijini. Marafiki zake wanamwambia atoke. Halafu wote wananiangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye mfano wa mtu aliyetoka na bado anakula.

Basi tuanze na mpira wenyewe, kwa sababu watu wanaongea kuhusu ndoto zake na hakuna anayeongea kuhusu anavyocheza.

Mimi hurekodi mechi, hiyo ni kazi yangu. Nina mechi sita zake kwenye simu na nimezirudia mpaka dada yangu akauliza kama nimeioa hiyo simu. Kitu kizuri alicho nacho ni jicho. Anaona pasi kabla ya watu wengine wote uwanjani. Kuna mpira mmoja alitoa kwenye mechi ya nne, ulipita katikati ya mabeki wawili, mimi mwenyewe niliyekuwa nimesimama juu sikuwa nimeona hiyo njia. Jicho kama hilo halifundishwi.

Sasa udhaifu. Kwanza, anapopokea mpira anauangalia mpira. Hageuzi shingo kabla haujafika, kwa hivyo hajui nani yuko mgongoni. Akipata beki mkali anayemfuata, anapoteza. Pili, mguu wake wa kushoto ni wa kupandia matatu tu. Timu zote zishajua, zinamsukuma upande huo. Tatu, ikifika dakika ya 60 anaanza kutembea. Nne, na hili ndilo watu hawalioni, pasi zake nyingi zinapotea si kwa sababu ni mbaya. Zinapotea kwa sababu winga hajaanza kukimbia. Yeye ameona nafasi, mwenzake bado hajaiona.

Hesabu hayo mambo manne. Shingo, mguu wa kushoto, pumzi, na kuelewana na wenzake. Niambie ni gani hapo linahitaji Nairobi. Matatu ya kwanza ni kazi ya likizo, ukuta, mpira na asubuhi. La nne linahitaji watu wale wale. Na wale wale wako hapa: winga wake wote wawili wanarudi, kocha anarudi, na wengi wa kikosi bado wana mwaka mmoja.

Wacha niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi. Kwenye futiboli ya Marekani, ile ya helmeti, kuna mtu anaitwa kwotabeki. Mfikirie kama namba kumi anayetumia mkono. Kila shambulizi linaanza kwake, anasoma ulinzi, anaamua kwa sekunde mbili tatu, anarusha. Akikosea, uwanja mzima unamwona. Wamarekani wanapenda sana kubishana kama kwotabeki fulani wa chuo ataimarika msimu ujao, na wengi wao hubishana kama sisi: kwa kelele.

Lakini kuna kesi moja inafundisha. Joe Burrow, chuo cha LSU kule Louisiana. Msimu wa 2018 alikuwa wa kawaida tu. Katika kila mipira 100 aliyorusha, kama 58 ndiyo ilifika kwa wenzake, na msimu mzima alitoa pasi 16 za alama. Hakuna aliyekuwa anamwimba. Msimu uliofuata, 2019, mipira 76 katika kila 100 ilifika. Pasi za alama zikawa 60. LSU ikashinda mechi zote 15, ikachukua ubingwa, yeye akachukua tuzo ya Heisman, na mwaka wa 2020 alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa kuingia ligi ya kulipwa.

Nini kilitokea katikati? Hakuota mkono mpya. Kocha mkuu alikuwa yule yule. Wadakaji wake wakubwa, Justin Jefferson na Ja'Marr Chase, walikuwa pale tangu 2018. Kilichoongezeka ni kocha msaidizi mmoja, Joe Brady, aliyekuja na mfumo mpya wa pasi uliomfaa. Watu wale wale, mwaka wa pili pamoja, na mfumo unaomfaa mwenye jicho. Basi.

Najua kuna mjanja ashaanza kuandika: "Lakini Burrow naye alihama chuo!" Kweli, alihama. Alikaa Ohio State miaka mitatu akiwa wa akiba, kisha akahamia LSU mwaka wa 2018. Lakini alihama na digrii tayari mkononi, na alihamia timu yenye jina, yenye uwanja, yenye kocha aliyemtaka. Hakuhamia "nitakutafutia".

Na kama Louisiana ni mbali, rudi hapa nyumbani. Olimpiki ya Mexico, 1968, mbio za kupokezana za mita 400 mara nne: Kenya ilipata fedha nyuma ya Marekani. Kwenye hiyo timu kulikuwa na Charles Asati na Hezekiah Nyamau, wote wa Gusii. Miaka minne baadaye, Munich 1972, Asati na Nyamau bado walikuwepo, wakaongezewa Julius Sang na Robert Ouko, huyo Ouko akiwa Mgusii mwingine. Kenya ikachukua dhahabu. Wanaume watatu kati ya wanne walikuwa wa huku kwetu, na sisi tunapita hapa mjini kila siku bila hata kujua majina yao.

Sasa sikiza hii. Muda wao wa 1972 ulikuwa karibu sawa na ule wa 1968. Mara ya kwanza ilikuwa dakika 2 na sekunde 59.6, mara ya pili dakika 2 na sekunde 59.8. Hawakuwa wameongeza kasi kwenye saa. Marekani haikuweza hata kupanga timu kwenye hiyo fainali, kwa sababu wakimbiaji wake wawili walikuwa wamefungiwa na mwingine ameumia. Unaweza kuita bahati. Mimi naona watu waliokaa tayari kwa miaka minne, mlango ulipofunguka wakawa bado wako hapo mlangoni. Na Ouko na Sang, kwa taarifa yenu, walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu wakati huo, North Carolina Central kule Marekani. Dhahabu ya Olimpiki na kitambulisho cha mwanafunzi, mfuko mmoja.

Mnataka mwanasoka? Michael Olunga alikuwa mwanafunzi wa Technical University of Kenya huku akicheza ligi yetu. Alipofika Japani mwaka wa 2018, Kashiwa Reysol, alifunga magoli 3 katika mechi 10 na timu ikashuka daraja. Hapo wengi wangepiga simu kwa ajenti. Yeye alibaki, akashuka na timu. 2019 akafunga 27 kwenye daraja la pili. 2020 timu imerudi juu, akafunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Wachezaji wengi wana kipaji. Wachache wana msimu wa pili mahali pamoja.

Hata Shabana yetu iko hivyo. Ilianzishwa 1980, ikashuka 2006, tukangoja miaka 17 mpaka 2023 ndiyo ikarudi ligi kuu. Msimu wa kwanza, tuseme ukweli, tulikaa na roho mkononi tukisubiri kujua kama tunashuka tena. Msimu wa pili timu ikamaliza upande wa juu wa jedwali na watu wakaanza kuimba Tore Bobe kama vile hawajawahi kutukana mtu. Msimu wa kwanza unatafuta kiti. Wa pili ndio unakula.

Na hapa ndipo nauliza: kwani kutafuta timu lazima kuanzie Nairobi? Timu ya ligi kuu iko hapa hapa mjini. Kutoka chuoni kwake mpaka Gusii Stadium ni boda moja. Anaweza kwenda kujaribiwa Jumamosi na Jumatatu akawa darasani.

Sasa nisikilize upande wa pili, kwa sababu wanaosema atoke si wajinga. Mpira hauna subira. Goti linaweza kwenda kesho kwenye uwanja wetu wenye mashimo, na diploma haitamrudishia goti. Karo ni shida, mama mdogo anauza ndizi na anajua bei ya kila muhula kwa jasho. Umri nao unakimbia: ukifika miaka 23 bila timu, watu wanaanza kukuita mzee. Hayo yote ni kweli. Lakini goti likienda Nairobi, nani atalipa? Yule wa "nitakutafutia"? Huyo utapiga simu ikue imezimwa.

Na kwa wale wanaonitumia mimi kama mfano, hebu tuelewane. Nilipotoka chuo, nilikuwa nimeshapost video kila wiki kwa mwaka mzima. Nilikuwa na watu wanaoniangalia, nilikuwa na pesa kidogo inayoingia, nilikuwa najua kesho nitaamka nifanye nini. Sikutoka nikaenda kutafuta kitu. Nilihamia kwa kitu ambacho tayari kilikuwa kinatembea. Kutoka si mpango. Kutoka ni mlango tu, na ukishaupita lazima kuwe na nyumba upande wa pili. Yeye akinionyesha mkataba wenye jina la klabu, mshahara na mahali pa kulala, nitamfungia mizigo mwenyewe na nimsindikize mpaka steji.

Mpaka hapo, nasema abaki. Utabiri wangu ndio huu, uwekeni muje mnikumbushe: akirekebisha shingo na pumzi kabla ya muhula kuanza, atakuwa mchezaji mwingine. Mguu wa kushoto utachukua muda zaidi, labda mwaka, na sitarajii muujiza. Lakini winga wake wakianza kukimbia pale anapoangalia, zile pasi zilizokuwa zinaenda nje ndizo zitakuwa magoli, bila yeye kubadilisha chochote.

Jamaa wa Nairobi amempa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo aseme ndio au la. Hajaniambia ataamua nini, na sijamuuliza mara ya pili, kwa sababu hayo ni maisha yake na si video yangu.

Kwa hivyo bro, najua unasoma hii. Ukienda, bado wewe ni ndugu yangu na nitakuja kukuangalia hata kama ni uwanja wa vumbi kule Nairobi. Ukibaki, kesho saa kumi na mbili asubuhi kuna ukuta nyuma ya soko. Mpira mia mbili, kushoto peke yake. Mimi nitahesabu.