Vidole vya Birmingham

Inaanza kwa mvua. Hakuna gitaa wala ngoma. Ni mvua inayonyesha, radi kwa mbali, na kengele inayogongwa polepole kama ya mazishi. Halafu gitaa linaingia kwa noti tatu tu: ya kwanza, kisha ile ile ikiwa juu zaidi, kisha ya tatu inayokataa kupatana nazo. Wanamuziki wa zamani wa Ulaya waliupa mwachano huo wa sauti jina la "shetani katika muziki", na anayeusikia kwa mara ya kwanza hahitaji kuelezwa sababu.

Hiyo ndiyo santuri ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya Birmingham, Uingereza, iliyotoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Nimeisikiliza yote, peke yangu, kwa sababu nyumbani kwetu kuna shauri. Tangu mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, alipofariki Julai 2025, wiki mbili na ushei baada ya kuwaaga watu wa mji wake jukwaani, kijana wangu anaipiga kila jioni. Mama yake anasema huo ni muziki wa mashetani na hautaki chini ya paa letu. Nikaombwa niamue, nami sikupenda kuhukumu kitu nilichokuwa nikikisikia kupitia ukutani tu.

Basi tumtazame huyo shetani. Katika wimbo wa kwanza yumo kweli, lakini Ozzy hamwiti, anamkimbia. Anaona umbo jeusi limesimama mbele yake, naye anamlilia Mungu amsaidie. Nimewahi kuwasikia watu wazima wakiomba hivyo usiku wa manane, na hakuna aliyewaita wafuasi wa Ibilisi. Wimbo wa N.I.B. ni mgumu zaidi kuutetea, maana humo anayesema ni Lusifa mwenyewe, tena amependa. Herufi hizo tatu watu wamezitafutia maana za kutisha. Kumbe ni mzaha tu juu ya ndevu za mpiga ngoma, Bill Ward, ambazo wenzake waliziona zimechongoka kama nibu ya kalamu!

Lakini kilichonishika zaidi si maneno, ni mkono. Mpiga gitaa, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 na alikuwa akifanya siku yake ya mwisho kazini, katika kiwanda cha mabati, alipowekwa kwenye mashine ambayo haikuwa yake kwa kuwa mwenye nayo hakufika. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni wa shoto. Mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi. Msimamizi wake akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeendelea kupiga kwa vidole viwili baada ya kuungua mkono mwaka 1928. Basi Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akaunda vikofia mithili ya subana ya mshonaji, akavivisha ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zisizomwumiza. Kuanzia santuri yao ya 1971 akazilegeza pia, na sauti ikashuka chini zaidi. Uzito huo ambao vijana wanauita hevi metali una jeraha la kazini ndani yake.

Si kwamba santuri yote ni nzuri. Waliirekodi kwa siku moja hivi mjini London, na mahali pengine inasikika hivyo. Evil Woman ni wimbo wa kuazima, nao unapita bila kuacha kitu. Wimbo wa mwisho, Warning, ambao nao ni wa kuazima, unazidi dakika kumi, na katikati yake nilichoka. Hata hivyo kuna mahali ngoma na besi zinanyamaza, gitaa linabaki peke yake. Nilisogea karibu na spika, nikitega sikio nivisikie vile vikofia vikigusa nyuzi. Havisikiki.

Nimemweleza mama yake yote hayo. Bado hajakubali. Amesema atausikiliza wimbo wa kwanza, mchana, na mlango uwe wazi.