Toba Iliyobisha Hodi

Bibi yangu hakuijua tarehe aliyozaliwa, lakini ile aliyookoka aliijua mpaka saa. Kila aliposimama kutoa ushuhuda alianza nayo, kisha akataja alivyokuwa zamani: mgomvi, mnywaji wa rubisi, mwepesi wa kukimbilia kwa mganga mtoto akipata homa. Baada ya hapo alikuja kwenye mambo ya wiki ileile. Alieleza alivyomjibu mkwewe kwa ukali, au alivyosema chumvi imekwisha jirani alipokuja kuomba, na chumvi ilikuwapo. Hapo watu walitega masikio zaidi, kwa kuwa jirani mwenyewe alikuwa amekaa palepale.

Nazungumzia vilima vya Muleba, mkoa wa Kagera, miaka ya 1970. Ushirika wa walokole ulikutana Alhamisi jioni, kwa zamu, majumbani mwa watu. Sebuleni pametandikwa nyasi kwa desturi ya Wahaya, karabai inavuma, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kinapita mkono kwa mkono. Mhubiri hakuwapo. Mtu alisimama, akasema lililomlemea, akakaa. Wenzake wakapokea kwa Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda ambao walokole wa Afrika Mashariki nzima waliujua kwa moyo, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine. Mchungaji akija alikaa kwenye nyasi kama wengine, na akiwa na lake alilisema. Sisi watoto tuliambiwa tukalale, tukawa tunasikiliza kutoka chumba cha pili.

Mambo haya yalitufikia kutoka ng'ambo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ya Mungu, alikutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda. Walisoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha Gahini, na katikati ya miaka ya 1930 pale hospitalini na shuleni watu wakaanza kulia kwa ajili ya dhambi zao, wakirudisha walivyoiba na kuombana radhi, Mzungu kwa Mwafrika na bosi kwa mfanyakazi. Blasio alifariki mapema mwaka 1936, angali kijana. Moto haukufa naye. Ulisambaa Uganda, mwaka 1937 timu ikafika Kabete nchini Kenya, na kabla miaka ile ya 1930 haijaisha ulikuwa umeshaingia kwetu Buhaya.

Kanisa la Kilutheri la Bukoba lilikuwa na wakati mgumu. Vita Kuu ya Pili iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani wa Bethel, Waswidi wakashika nafasi, na katikati ya mashaka hayo wakatokea wakulima na wauguzi wanaosimama ibadani kutangaza kwamba wameokoka. Wachungaji wengine waliwaona ni watu wa fujo. Lakini mmoja aliyetoka katika mkondo huohuo, Josiah Kibira, ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa dayosisi yetu mwaka 1964, na mwaka 1977, Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho.

Kibira aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 1974, kuhusu kanisa na ukoo wa Kihaya, na aliyelelewa kwetu anaelewa kwa nini jambo hilo lilimshughulisha. Mhaya ni mtu wa ukoo. Nje ya ukoo kulikuwa na njia moja ya kupata ndugu wa kweli: kula omukago. Wawili walichanjana, wakapaka damu kwenye punje mbili za buni moja, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo njaa ya huyu ikawa njaa ya yule. Walokole walisema damu ya Yesu imewafanyia omukago wote kwa mpigo mmoja. Nimemwona kwa macho yangu Muhinda wa ukoo wa watawala akila sahani moja na mtu ambaye babu zake walikuwa wakipiga magoti mbele ya babu za Muhinda huyo. Andiko walilolirudia kuliko yote lilikuwa la waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 1, mstari wa 7, linalofunga pamoja kutembea nuruni, ushirika na damu. Kwao hayo matatu hayakutenganika. Anayeficha kitu hawezi kupenda, na asiyependa hajaamini bado, hata awe amebatizwa utotoni.

Tukio moja lilinionyesha maana ya hayo kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Kagera tuna kitu kinaitwa butura. Mjane ana mtoto mgonjwa au anadaiwa ada; kahawa yake bado ni maua. Anakwenda kwa jirani mwenye uwezo, anapewa fedha kidogo, na msimu ukifika jirani huyo anavuna kibanja cha mjane, yaani shamba lake la nyumbani, kana kwamba ni chake. Butura haikutajwa mimbarini. Mzinzi na mlevi walitengwa na Meza ya Bwana. Mnunuzi wa butura alipokea mkate na divai bila kuulizwa. Jirani yetu mmoja, mzee wa kanisa, alijenga nyumba ya bati kwa kahawa za namna hiyo. Alipookoka hakuna aliyemwambia kitu kuhusu butura. Alisema mwenyewe, Alhamisi moja, kwamba kila akiomba anaona miti ya kahawa ya Ma fulani.

Siku iliyofuata tulimwona akipita na baiskeli, gunia la kahawa ya maganda limefungwa nyuma, na kijana wake akisukuma baiskeli nyingine yenye gunia la pili. Walikwenda moja kwa moja kwa yule mama. Nilifuata, kama watoto wanavyofuata. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakataa kukaa. Alisema, "Ma, kahawa hii ni yako. Ya miaka mingine sina, nyumba imekula. Nitailipa kidogo kidogo." Mama yule alinyamaza kwa muda mrefu, akatazama magunia, akauliza, "Na ile ya mwaka aliokufa mume wangu?" Mzee akajibu kwamba hiyo nayo ameiandika, akatoa daftari. Nilichojifunza pale ni kwamba msamaha hauji kwa kukimbia. Mama yule alimsamehe, lakini baada ya daftari kusomwa mstari kwa mstari, na baada ya yeye kurekebisha mistari miwili.

Sisemi walokole wale walikuwa malaika. Walikuwa wepesi wa kuhukumu. Msichana aliyesuka nywele kwa mtindo mpya aliitwa baridi, na baridi kwao lilikuwa neno zito. Wengine walishinikizwa kuungama mpaka wakatunga. Wako walioungama uzinzi hadharani wakamtaja na mwenzao ambaye hakuwa tayari, ndoa ikavunjika kwa utukufu wa Mungu, kama walivyosema. Bibi mwenyewe alikuwa akisema toba ya mtu ni yake, haina ruhusa ya kuburuta jina la mwingine.

Mwaka 1978 imani ile ilipimwa kwa namna ambayo hatukuitarajia. Mwaka uliotangulia, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Kampala, Askofu Festo Kivengere, mlokole aliyewahi kufundisha Dodoma, alikimbia Uganda na kutoa kijitabu ambacho jina lake liliwashtua wengi: lilitamka kwamba anampenda Idi Amin. Ushirikani walilijadili jina hilo kwa furaha, kwa kuwa Amin alikuwa mbali. Kisha majeshi yake yakavuka mpaka, yakateka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa. Wakimbizi kutoka Missenyi walifika hadi kwetu na magodoro kichwani. Alhamisi ile nilisikia kwa mara ya kwanza watu wazima wakigombana katika kuomba. Mmoja aliomba Amin afe. Mwingine akamkatiza, akaomba Amin aokoke. Bibi, ambaye mjukuu wake alikuwa ameshaandikishwa jeshini, alisema hawezi kuomba ombi la kwanza wala la pili, na kwamba anatubu mbele yao kwa kutoweza. Walimwimbia Tukutendereza kwa hilo pia.

Kilichobadilisha ushirika wetu zaidi ya vita kilikuja kimyakimya. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983. Kufikia mwisho wa muongo ule kila kibanja kilikuwa na kaburi jipya. Ghafla kuungama kukawa na bei nyingine. Mwanamume akisimama na kusema alianguka katika uzinzi, watu hawakuimba mara moja. Walianza kuhesabu: yeye, mke wake, mtoto wa mwisho, na yule mwingine ni nani. Shuhuda zikaanza kufupishwa. Watu wakasema, "Bwana amenionyesha mapungufu yangu," wakakaa. Hata hivyo upendo ulibaki ukifanya kazi kwa mikono. Walokole ndio waliokwenda kuosha wagonjwa ambao ndugu wa damu waliwaogopa, na nyumba ya bibi ilijaa yatima wa watu tusiohusiana nao kwa ukoo wowote.

Halafu ikaja Aprili 1994. Watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Nyuma yao, Rwanda, Watutsi walikuwa wakichinjwa hata ndani ya makanisa walimokimbilia, Nyarubuye, Ntarama, Nyamata. Gahini ilikuwa katika nchi hiyohiyo. Wako walokole waliokufa kwa kukataa kuwatoa ndugu zao wa kabila jingine, na hao wahesabiwe kwa heshima. Lakini swali halikukwepeka: nchi iliyoanzisha toba ya namna ile ilifikaje pale? Mzee mmoja wa ushirika wetu alijibu hivi, na sijasikia jibu bora: "Tulitubu chumvi na sukari. Ya kabila tuliyaita siasa, tukayaacha nje ya mlango."

Leo ushirika bado upo. Alhamisi imekuwa Jumapili alasiri, nyumba imekuwa ukumbi wa kanisa, na kuna kundi la WhatsApp ambalo asubuhi hutiririsha maandiko na picha za maua. Akifiwa mmoja wetu, michango inaingia kwa simu kabla jua halijazama, na hilo ni jema ambalo wazee wetu wasingeliota. Upande wa pili wa barabara kuna makanisa mapya yenye vipaza sauti, ambako watu hutubu kwa mamia kwa wakati mmoja, macho yamefumbwa, wakifuatisha maneno ya mtumishi. Mimi siyadharau. Nimeona walevi walioachia chupa huko. Ila nimeona pia mnunuzi wa butura akipiga magoti mbele, akilia machozi ya kweli, akiombewa biashara yake ifunguliwe, na mwenye kahawa amekaa safu ya nyuma ya kanisa hilohilo. Kesho yake hakuna baiskeli iliyopita.

Wengi wanasema kilichopotea ni moto. Mimi sioni hivyo. Kelele za leo ni kubwa kuliko za sebuleni kwa bibi, na machozi hayajapungua. Kilichopungua ni ule mwendo wa kutoka ushirikani kwenda mlangoni kwa uliyemdhulumu. Mtu alitubu kwa Mungu na kwa fulani, na fulani alikuwa na jina, na kibanja, na haki ya kuuliza kuhusu mwaka aliokufa mumewe. Imani ilijulikana kwa kuwa mtu alithubutu kwenda huko akiamini kwamba aibu haitamuua. Upendo ulizaliwa huko, kwa sababu ni vigumu kumchukia mtu aliyesimama mbele yako na daftari wazi. Mwendo huo ukiondolewa, toba inabaki hisia, imani inabaki kauli, na upendo unabaki salamu ya Bwana asifiwe.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walioamini, wa kanisa lolote. Agizo la Mathayo 5 la kuiacha sadaka na kwenda kwanza kupatana na ndugu halijafutwa na kipaza sauti wala na simu. Kama kuna mtu unayemwona kila unapoomba, usimtumie ujumbe wa sauti. Nenda kwake, ukiwa na ulichochukua, na ukubali akusomee hesabu yake yote.