Ufunguo wa Breva

Uzee haubishi hodi. Nimelijua hilo kwa pikipiki yangu, Breva 750, iliyoanza kutoka kiwandani kwa Moto Guzzi mwaka 2003, huko Mandello del Lario, Italia, ikapewa jina la upepo wa Ziwa Como. Injini yake iko wazi, silinda mbili zimechomoza kushoto na kulia. Gurudumu huzungushwa kwa shafti, hivyo safarini hakuna mnyororo wa kupaka oili. Lakini uzito wake umepita kilo 180. Mwanangu alinisihi niiuze. Nikamwambia, siku nitakaposhindwa kuisukuma hadi barabarani, ufunguo ni wako. Tangu hapo kila asubuhi naisukuma kwanza, ndipo naiwasha. Leo imefika. Nilipumzika mara mbili.