Godoro Kwanza, Blanketi Baadaye

Zamani, gari lilipogeuka chumba cha kulala, swali lilikuwa moja tu: tumebeba mablanketi mangapi? Ndivyo ninavyoikumbuka miaka ya Land Rover za turubai kwenye barabara za Ngorongoro na Serengeti. Juu kulikuwa na blanketi zito la Raymond kutoka Eldoret, shuka za Kimaasai mbili tatu, na koti la mvua likimalizia. Chini hakukuwa na kitu cha maana: siti iliyolazwa, magunia, pengine turubai lililokunjwa. Aliyeamka anatetemeka aliambiwa kesho aongeze blanketi. Siku hizi anayejiandaa kulala garini huanza na godoro, ya kujifunika yakafuata. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote yaliyokuja na kambi za magari, kuliko hata mahema ya juu ya keria yanayopigwa picha kila kona. Mahema yale yalibadilisha mahali pa kulala. Godoro lilibadilisha usingizi wenyewe.

Kinachotukinga na baridi ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi za blanketi. Ukililalia, uzito wa mwili unaikamua hewa hiyo yote, na kinachobaki ni kitambaa chembamba kati ya mgongo wako na bati. Na bati lenyewe si sakafu ya kawaida. Chuma hupitisha joto haraka, halafu chini yake upepo unapita usiku kucha, tofauti na udongo ambao angalau hupata joto kidogo kutoka kwa aliyeulalia na kukaa nalo. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zilipo kambi za wageni, uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,300. Kwa wastani joto hupungua nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kati ya hapo na Dar es Salaam kuna tofauti ya kama nyuzi 15, na bado usiku haujakolea. Katika hali hiyo blanketi la tatu linakinga upande ambao tayari umekingwa.

Wenyeji wa nyanda hizo hawakuhitaji kuelezwa. Kitanda katika nyumba ya Kimaasai kilikuwa cha fito na majani, juu yake ngozi ya ng'ombe, na cha kujifunika kikawa chepesi. Pwani walipambana na joto, si baridi, lakini nao walianzia chini: kitanda cha kamba kinachopitisha hewa, juu yake mkeka au godoro la sufi. Gari ndilo lililotupoteza, maana lilikuja na siti, na siti ukiibonyeza kwa mkono ni laini. Tatizo ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa. Ina bonde katikati, kingo zimeinuka, kifungio cha mkanda kinachoma ubavu, na pale kiegemeo kinapokutana na kalio kuna mwanya unaomeza nyonga. Madereva wa masafa walizoea kulala hivyo kwa sababu kazi haikuwapa chaguo, na sisi wengine tukachukulia mazoea yao kuwa ushahidi kwamba siti inatosha.

Kilichoturudisha njiani ni sponji. Kemia yake ilianzia Ujerumani mwaka 1937, kwa kazi ya Otto Bayer na wenzake, na baada ya miongo kadhaa godoro la sponji likalisukuma pembeni godoro la sufi, lililokuwa zito, likifanya mabonge na kushika unyevu. Kwa anayelala garini, sponji ina sifa mbili. Vitundu vyake vya hewa havikamuliki vyote hata ukivilalia, na inakatika kwa kisu. Fundi huchukua godoro la nchi nne, akalikata vipande vitatu, akavishona ndani ya foronya moja ya turubai jepesi ili vikunjane mchana nyuma ya siti. Pembeni hupunguza sponji kufuata madigadi zinazochomoza ndani, na chini huweka ubao unaosawazisha sakafu. Ubao huo watu huudharau, na bila huo hata godoro la bei mbaya linafuata mabonde ya gari. Muulize muuza godoro uzito wa sponji, si unene pekee: nchi sita za sponji nyepesi zikishabonyea, nyonga inagusa ubao.

Wapo watakaosema godoro la upepo linatosha, tena linajazwa kwa pampu ya gari na likikunjwa linaingia kwenye mkoba. Kwa ulaini sina ubishi nalo. Shida ni kwamba hewa iliyo ndani yake haikutulia. Inazunguka ndani ya chumba kimoja kikubwa, inalichukua joto la mgongo na kulishusha kwenye bati, ndiyo maana watu huamka wameganda kwa baridi juu ya nchi nane za hewa. Dawa ya hilo ilipatikana Seattle, mwaka 1972, wahandisi wawili walioachishwa kazi Boeing, Jim Lea na Neil Anderson, walipoanza na mwenzao kampuni iliyotoa Therm-a-Rest: sponji iliyofungwa ndani ya kitambaa kisichovuja, yenye valvu. Sponji inaizuia hewa isizunguke. Tangu 2020 hivi kampuni nyingi kubwa hupima magodoro ya kambi kwa kanuni moja na kuandika thamani ya R. Ikiwa kubwa, joto lako halipotei upesi.

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko wa kulalia. Mfuko mzuri umeandikwa nyuzi zake, na mtu anayeona imeandikwa nyuzi sifuri huona godoro ni anasa. Lakini namba ile imepatikanaje? Kwa kanuni iliyotolewa Ulaya mwaka 2002, na baadaye ikawa ya kimataifa, sanamu yenye umbo la mtu, iliyopashwa joto, hulazwa ndani ya mfuko, na chini ya mfuko kuna godoro. Ahadi ya mtengenezaji inalihesabu godoro tangu mwanzo. Anayetupa mfuko huo juu ya bati tupu amenunua namba ambayo hataipata.

Na wa Bagamoyo au Tanga, asiyejua baridi ni nini? Yeye sponji inamchemsha, kwa sababu inamrudishia joto lake mwenyewe. Bado jibu liko chini yake: mkeka wa ukindu juu ya sponji unaacha mwanya wa hewa, na shuka la pamba linafyonza jasho. Huyu anahitaji vioo wazi na chandarua kilichobanwa mlangoni. Hata wa Ngorongoro asifunge vioo vyote, kwani pumzi na jasho la mtu kwa usiku mmoja hutoa maji ya kujaza glasi, nayo hugeuka matone kwenye vioo na kuingia kwenye blanketi. Kuwasha injini au kuingiza jiko la mkaa ili kupata joto kumeshaua watu. Gesi ya sumu inayotoka humo haina harufu wala haiamshi mtu. Asubuhi inua godoro, uegemeze kwenye mlango ulio wazi. Upande wa chini ndio unaoloa, na ukikunjwa ukiwa hivyo kwa safari nzima, sponji huota ukungu kabla foronya haijachakaa.