Mwethya Si Kazi ya Bure

Niseme tu wazi: kosa kubwa la frilansa wa huku Ukambani si kukosa kamera nzuri wala bando. Ni kushindwa kutaja bei mbele ya mtu anayekujua.

Mimi hupiga picha na video, kazi nyingi zikiwa kati ya Kitui mjini na Wote: harusi, ntheo, ufunguzi wa maduka. Nairobi mteja anakupata mtandaoni, mnaongea pesa, mnamalizana. Huku mteja ni rafiki ya mamako. Anapiga simu: "Mwanangu, Jumamosi tuna ntheo, si utakuja na hiyo kamera yako?" Hajasema atalipa. Hajasema ni bure pia. Hapo katikati ndipo vijana wengi huumia.

Ukiuliza bei, unaambiwa umesahau mila, eti Wakamba tulijengana kwa mwethya. Sawa, tuongee mwethya basi. Leo majirani wanakusanyika shambani kwa mmoja, kesho kwa mwingine. Matuta mengi ya fanya juu unayoyaona kwenye vilima vya Makueni yalichimbwa na vikundi kama hivyo, wengi wao akina mama na majembe yao. Lakini mtu alichimba akijua zamu yake inakuja, na mwenye shamba alilisha watu. Mwethya una hesabu, tena kali. Mtu anayetaka video yako na hana siku atakayokuja kukuchimbia chochote, huyo haitishi mwethya. Anaitisha bure.

Mimi hujibu hivi: "Nitashukuru kuja, mama. Jioni nakutumia bei kwa WhatsApp." Heshima iko, na pesa imetajwa. Kuna mmoja aliniambia nimekuwa mtu wa Nairobi, akatafuta kijana mwingine. Hiyo Jumamosi nilifua nguo. Inauma kidogo, lakini ni afadhali kuliko kusimama juani siku nzima halafu upewe soda.

Ujumbe wenyewe uwe na kila kitu: tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, picha ngapi zitahaririwa, zitatoka lini, na marekebisho ni mara ngapi. Ukiacha hilo la mwisho, utaambiwa "ongeza tu wimbo mwingine" mpaka mwezi uishe. Nusu ya pesa ije kabla ya siku yenyewe. Salio likibaki, tuma picha zenye jina lako katikati. Zile safi zitoke M-Pesa ikishaingia.

Nauli iandike kando. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000. Kutoka mjini kwenda Mutomo au Kyuso si kama kuvuka barabara hapo stendi. Kazi ikiisha usiku, utalala wapi? Hiyo nayo ni gharama.

Si kwamba usitoe kamwe. Jirani akifiwa, mimi huenda na siitishi kitu. Ila nasema mapema kwamba huo ni mchango wangu, na nataja ungekuwa pesa ngapi, ili uandikwe kwa daftari kama wa wengine. Mchango usiotajwa huwa unageuka deni lako: mwaka ujao wataona ni haki yao.

Na mtu akikataa kulipa? Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ipo tangu 2016. Inahusu madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Lakini bila ule ujumbe wa siku ya kwanza, utaonyesha nini? Halafu tuseme ukweli, ni nani anataka kumpeleka rafiki ya mamake kortini? Ukikutana naye sokoni utamwamkua vipi? Ndiyo maana bei huongewa mapema, wakati bado mnacheka.

Desemba inakuja, watu wote watarudi nyumbani na sherehe zao. Keti leo uandike huo ujumbe mara moja, uuhifadhi kwa simu. Wakianza kupiga, unabadilisha tarehe na mahali, unatuma.