Nakala si Feki

Haya wasomaji, leo tupumzishe mambo ya hifadhidata na seva. Nataka tuzungumze kuhusu neno moja ambalo sisi Wakenya hulitumia haraka mno: feki.

Juu ya meza yangu, kando ya tarakilishi, pana kisanduku cha chuma kilicho kifupi kuliko mkono wangu. Kimejaa vifundo vya kuzungusha, na ukikiunganisha na spika kinatoa besi ya kutikisa vikombe kabatini. Ni sinthesaiza, yaani ala ya muziki inayozalisha sauti kwa umeme mtupu, na ni nakala ya mashine iliyobuniwa kabla sijazaliwa. Kampuni iliyokiunda siyo iliyoibuni ile ya kwanza. Nilikilipia bei ya simu ya kawaida. Ile ya asili ingenigharimu bei ya gari kuukuu. Rafiki yangu anayerekodi muziki alikitazama, akacheka: "Bwana, hata wewe umeuziwa feki?"

Siku hiyo nilimjibu kwa mzaha. Hapa nitamjibu kwa makini, kwa sababu swali lake linagusa kazi yetu ya kuandika programu kama linavyogusa muziki.

Feki ni kitu kinachodanganya. Betri iliyobandikwa jina la kampuni isiyoitengeneza ni feki, hata kama inawasha tochi. Kisanduku changu kimeandikwa jina la aliyekiunda, na hakuna mahali kinapojidai kuwa kimetoka kiwanda kingine. Kimefuata mchoro wa mwingine, ndiyo. Lakini kufuata mchoro na kusema uongo ni mambo mawili.

Tuchukue mfano unaojulikana zaidi, Minimoog Model D, iliyotoka Marekani mwaka 1970. Kabla yake sinthesaiza ilikuwa kabati la nyaya linalofunika ukuta, mali ya vyuo vikuu na watu wenye fedha. Robert Moog na wenzake waliipunguza ikawa kinanda ambacho mwanamuziki anaweza kukibeba hadi jukwaani. Walipoacha kuiunda mwaka 1981 zilikuwa zimetoka takriban 12,000 tu, kwa dunia nzima. Mwaka 2016 kampuni ya Moog iliifufua kwa bei ya karibu dola 3,500. Kisha mwaka 2018 Behringer ikaanza kuuza kisanduku chenye sakiti ya namna ile ile, bila vibao vya kinanda, kwa karibu dola 300.

Je, huo si wizi? Hapa inabidi tutazame tarehe. Moyo wa Minimoog ni kichujio chake, sehemu inayopunguza ukali wa sauti na kuipa ule unene tunaoupenda. Ndani yake transista zimepangwa jozi juu ya jozi kama vidato vya ngazi. Moog alipewa hataza ya kichujio hicho Oktoba 1969. Hataza, kwa asiyeifahamu, ni mapatano: mbunifu anaeleza hadharani jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, na serikali inamlinda asiigwe kwa muda maalumu. Marekani ya wakati ule muda huo ulikuwa miaka 17. Piga hesabu: 1986 mlango ulifunguka kwa kila mtu. Katika miaka ya 70 kampuni shindani ya ARP ilikuwa imetumia kichujio cha ngazi kama hicho, na ikabidi iachane nacho na kubuni chake. Aliyenakili mwaka 2018 alipita mlango uliokuwa wazi kwa miaka 32.

Kwa hiyo nakala hizi ni sehemu ya pili ya yale mapatano. Jamii ilimlinda mbunifu, naye akaacha maarifa yake mezani. Muda umekwisha, tunakula.

"Sawa, lakini sauti je?" Hili ndilo linalogombanisha watu. Mwaka 2019 kazi ilinipeleka Berlin, na katika duka moja la ala za muziki nikaruhusiwa kupiga Minimoog ya zamani kwa nusu saa. Muuzaji alinizuia nisianze mara moja. Alisema lazima ipate joto kwanza, la sivyo noti zitahamahama. Ilipotulia nilipiga besi, na kweli ilikuwa nzito na tamu. Lakini kwa masikio yangu haikuwa mbali na nakala nilizowahi kuzisikia. Tofauti niliihisi mkononi zaidi: mbao ubavuni, uzito wa vifundo, nafasi ya kutosha baina ya kifundo na kifundo. Hayo ni mambo ya kweli na yana thamani yake. Siyo sauti tu.

Tena hiyo "sauti ya asili" ni ipi hasa? Sehemu za kielektroniki huzeeka. Kapasita hukauka, thamani za vipingamizi huhama. Minimoog mbili zilizotoka kiwandani wiki moja hazilii sawa leo. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyoundwa kati ya 1980 na 1983, ina kisa cha kuchekesha zaidi. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alieleza kwamba baadhi ya sauti zake zilitokana na transista zenye kasoro, zile ambazo wengine wangezitupa. Viwanda vya transista vilipoboresha kazi yao kasoro ikapotea, na 808 ikakosa malighafi. Yaani sauti tunayoiita halisi ilikuwa takataka ya kiwanda kingine, iliyookotwa na mtu mwenye masikio mazuri.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Roland Juno-106 ya mwaka 1984. Ndani yake mna chipu za sauti zilizofunikwa kwa utomvu mgumu, na kadiri miaka inavyopita utomvu huo huziharibu. Sauti moja inakufa, kisha ya pili. Mafundi wengine huzilowesha kwenye asetoni ili kuuvua, na wengine huzing'oa kabisa na kupachika chipu mpya zilizoundwa kwa kuiga zile za zamani. Kwa hiyo Juno nyingi zinazouzwa leo kwa bei ya juu kama za asili zinalia kwa chipu za nakala. Nakala ndiyo imeiokoa asili. Anayesema nakala zote ni feki, aanze na hizo.

Swali hili lilinifikia kwa uzito mwaka jana. Kijana mmoja mtaani kwetu, mpiga kinanda wa kanisani, kipaji kitupu, alinijia jioni na simu mkononi. Alikuwa ameona sinthesaiza ya zamani ikiuzwa Japani.

"Kaka, sacco watanipa mkopo. Miezi 24. Nichukue?"

Tuliketi na karatasi. Bei ya ala yenyewe. Usafiri. Ushuru wa forodha na VAT. Kisha nikamuuliza kuhusu umeme, maana ala ya soko la Japani hutarajia volti 100 na huku kwetu ukutani mna 240. Ukiichomeka hivi hivi unaweza kuiua siku ya kwanza, kwa hiyo ongeza transfoma. Kisha ongeza fundi, kwa sababu kitu cha miaka 40 hakiji kikiwa kizima. Tulipofika chini ya karatasi jumla ilikuwa mapato yake ya karibu mwaka mzima.

Nilimwambia asichukue. Nilimwonyesha kisanduku changu, ambacho adapta yake inakubali umeme wa popote, na ambacho kinazungumza MIDI, lugha ya ala iliyozaliwa mwaka 1983 na kuachwa itumiwe na makampuni yote bila malipo. Minimoog ya kwanza haikuwa nayo. Kisanduku changu nakiamrisha kutoka kwenye tarakilishi kwa programu fupi ya Python. Nilimwekea pia Dexed, programu huria inayoiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983, na Surge, iliyokuwa programu ya kuuzwa hadi mwenyewe alipofungua msimbo wake mwaka 2018. Bei ya hizo mbili ni sifuri. Alilala kwetu usiku ule na vipokea sauti masikioni. Mkopo hakuuchukua.

Msidhani basi kwamba natetea kila nakala. Kuna mambo mawili yanayonikera.

La kwanza ni nani ananakiliwa. Moog wa 1969 alipata miaka yake 17. Lakini tazama Mutable Instruments, iliyokuwa kampuni ndogo ya Ufaransa ya Émilie Gillet. Yeye aliweka wazi msimbo na michoro ya ala zake, mojawapo ikiitwa Plaits. Baadaye Behringer ikatoa ala iitwayo Brains iliyojengwa juu ya msimbo wa Plaits. Leseni ya MIT inaruhusu, na sisi watengenezaji wa programu tunajua hivyo: ukiweka leseni hiyo umekubali hata kampuni kubwa ije ichote. Lakini sheria na adabu hazilingani urefu. Mtu akikufungulia kisima, kuchota ni haki yako. Kuweka duka la maji mlangoni pake ni jambo jingine.

La pili ndilo zito kwangu. Nakala hizi ziliwezekana kwa sababu wazee wale hawakuficha. Moog alieleza kichujio chake katika hataza. Roland ilichapisha vitabu vya mafundi vyenye mchoro mzima wa sakiti, kila kipingamizi na thamani yake, ili ala ikiharibika popote fundi aweze kuifungua. Ule mchoro ndio msimbo chanzo wa ala. Na sehemu zenyewe zilikuwa kubwa, za kushikika kwa vidole.

Kisanduku changu kiliponyamaza miezi michache iliyopita nilitafuta mchoro wake kila mahali nisiupate. Kampuni sitaitaja, maana si yeye peke yake mwenye tabia hii. Ndani mna vijisehemu vidogo kama mbegu za wimbi, vimelehemiwa juu juu ya bodi. Nilikipeleka kwa fundi wangu pale Luthuli. Alikitazama kwa lenzi kwa muda mrefu, akasema, "Bila ramani hapa tutapapasa tu."

Kwa hiyo tukachora ramani. Jumamosi tatu, yeye na mita yake, mimi na daftari, tukifuata njia ya umeme kutoka kwenye tundu la adapta hadi inapotokea sauti. Jumamosi ya tatu tukaipata kapasita iliyokufa. Bei yake haifiki ya kikombe cha chai. Kisanduku kinalia tena.

Hapo ndipo nilipopata jibu la rafiki yangu. Nakala inalipa deni lake ikiendelea kuwa wazi kama asili ilivyokuwa wazi. Anayejenga kwa mchoro ulioachwa mezani, kisha akajifungia wake kabatini, hajauza feki, ila amevunja mnyororo uliomlisha. Na atakayeumia ni yule kijana wa kinanda, miaka kumi ijayo, kisanduku chake kitakapozimika na fundi asiwe na la kufanya.

Ukitaka kununua, nunua nakala bila aibu, tena ulizia kwanza kama mchoro wake unapatikana. Sisi tumemaliza sehemu ya umeme na ya kutoa sauti. Bado osileta na kichujio. Jumamosi ijayo tunaendelea, na tukimaliza mchoro wote utakuwa huru kwa yeyote anayeutaka.