Sitara na Tabibu



Jambo ninalotaka kulieleza hapa ni la jino moja tu, na huenda mtu akaona si jambo la kuandikiwa makala. Lakini jino hilo nusura linipeleke kaburini, na kilichotaka kunipeleka si kuoza kwake bali ni ulimi wangu mwenyewe. Nimeona ni wajibu niyaseme yaliyonipata, kwani najua katika majumba yetu wako wengi wanaofanya kama nilivyofanya mimi, wakidhani kuwa wafanya wema.

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika sitara. Mtoto tangu mdogo hufundishwa kuwa ya nyumbani hayatoki nje, na kuwa aibu ya mwenzio ukiiona huifunika. Haya ni malezi mema na dini yetu imeyasisitiza. Taabu ni kuwa jambo jema likipelekwa mahali pasipokuwa pake hugeuka likawa balaa, na mwenye kulifanya hajui, kwani moyoni mwake aona kuwa yuko katika heri.

Mimi ni mshonaji kofia. Kazi hii nilifundishwa na marehemu mama yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, nayo ndiyo iliyonisaidia kuwalea watoto baada ya baba yao kufariki. Mwaka 2016 vidole vyangu vilianza kuvimba. Kila nikiamka alfajiri mikono imekakamaa kama mti, hata kufungua mfereji nitawadhe ni kazi, na hukaa hivyo saa nzima au zaidi ndipo ilegee. Nilidhani ni umri na baridi, nikawa najipaka mafuta ya karafuu. Mwisho nikaenda hospitali, nikapimwa damu, nikaambiwa kuwa hii ni baridi yabisi, lakini si ile ya viungo kulika kwa uzee. Katika maradhi haya, kinga ya mwili, ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka itulinde na vijidudu, hugeuka ikavishambulia viungo vya mtu mwenyewe. Ni kama bawabu aliyewekwa mlangoni kuzuia wezi, akaingia ndani akawapiga wenye nyumba.

Nikapewa dawa iitwayo methotreksati. Dawa hii humezwa mara moja tu kwa wiki, si kila siku, na wako watu waliokufa kwa kukosea hapo. Mimi nilichagua siku ya Ijumaa, kwani ni siku isiyosahaulika, na siku nyingine nikimeza vidonge vya asidi ya foliki ili kupunguza madhara yake. Kazi ya dawa ni kumtuliza yule bawabu. Alhamdulillahi, baada ya miezi mitatu nilirudi kushika sindano. Lakini bawabu aliyetulizwa huchelewa kumwona mwizi. Kwa hivyo mwenye kutumia dawa kama hizi hupatwa upesi na maradhi ya vijidudu, na tena dalili zake hujificha: homa huwa hafifu na uvimbe mdogo, hali ndani moto unawaka.

Katika karatasi iliyokuwa ndani ya paketi niliona neno la saratani. Daktari alikuwa amekwisha nieleza. Dawa za ukoo huu zilianza kujaribiwa Marekani katika miaka ya 1940 kwa watoto wenye saratani ya damu, kisha ikaonekana kuwa kwa kipimo kidogo mno zafaa kwa viungo, na mwaka 1988 serikali ya huko ikaidhinisha methotreksati kwa baridi yabisi. Mimi nilifahamu. Lakini je, jirani atafahamu? Nikawaza maneno yatakayosemwa barazani na jikoni: fulani ana saratani, maradhi ni ya ukoo, na yule binti yake naye yatampata. Basi nikavitia vidonge katika kijaluba cha tambuu cha marehemu mama, nikakifukia chini ya leso sandukuni, nikajiambia kuwa nimejisitiri. Hata binti yangu sikumwambia. Mwaka 2018 alipoposwa, ndipo nilipozidi kuficha.

Mwaka huo huo gego langu la chini likaanza kuniuma. Si ajabu, kwani kwa vidole vile sikuwa nikisugua meno barabara. Mswaki wenye mpini mwembamba haukunikaa mkononi. Shavu likavimba kidogo tu, nami nikaona si neno. Jirani yangu, mtu mwema sana, akaniletea vidonge vilivyobaki alipougua mwanawe. Vilikuwa ni kotrimoksazoli, dawa ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Septrin. Nikawa nameza asubuhi na jioni.

Siku ya tatu jirani akanipeleka kwa daktari wa meno, akaketi pembeni yangu. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye adabu. Akanitazama kinywa, akaona usaha kwenye mzizi wa jino, akaniuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia? Ya sukari, ya presha, ya viungo?"

Nikamtazama jirani, kisha nikamjibu, "Hapana, mwanangu. Situmii chochote, Alhamdulillahi."

Wallahi, nikikumbuka neno hilo hadi leo huona haya. Nilisema uongo, kisha nikamshukuru Mungu juu ya uongo wangu. Hata zile Septrin nilizokuwa nikimeza sikuzitaja, kwa kuogopa kuonekana mshamba anayejitibu mwenyewe. Kijana wa watu akaniandikia dawa nyingine akanitaka nirudi baada ya wiki anitoe jino. Dawa sikuinunua, kwani nilikuwa na ile ya jirani nyumbani, na maumivu yalipopungua nikaona hapana haja ya kurudi. Ijumaa ikafika nikameza methotreksati yangu kama kawaida. Ijumaa ya pili pia.

Jumapili yake kinywa changu kilijaa vidonda, hata kumeza mate ilikuwa ni adhabu. Usiku damu ikanitoka puani, na kwenye mikono kukatokea mabaka kama mtu aliyepigwa. Nikapelekwa hospitali. Damu ikapimwa, ikaonekana chembe nyeupe zimekaribia kwisha, na zile zinazogandisha damu ni chache. Madaktari wakatafuta malaria, wakatafuta dengi, wasione kitu. Daktari akaniuliza mara tatu kama kuna dawa niliyotumia. Kusema sikuweza kwa vidonda, lakini kuashiria ningeweza. Sikuashiria. Tazameni, ndugu zangu, jinsi mtu anavyoweza kuwa mtumwa wa aibu hata akiwa ukingoni mwa kaburi.

Aliyeniokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni binti yangu. Alirudi nyumbani kunitwalia leso za kubadilisha, akakuta kijaluba. Alijua kuwa miaka mingi sili tambuu. Akakifungua, akakitwaa vile vile mpaka kwa daktari. Daktari alipoviona vidonge, na jirani aliposema alichonipa, mambo yote yakafahamika kwa dakika moja. Dawa hizi mbili zote huuzuia mwili usitumie foliki, na foliki ndiyo inayohitajiwa na uboho wa mifupa utengeneze damu. Tena ile ya pili huifanya methotreksati ichelewe kutoka mwilini. Kila moja peke yake yaweza kuwa tiba, lakini zikikutana zaweza kuua. Zote zikasimamishwa, nikatiwa kwa mshipa dawa ya jamii ya foliki inayoondoa sumu ya methotreksati, pamoja na dawa kali za kuua vijidudu. Nikalala huko siku kumi na moja.

Nilipoweza kuketi, binti yangu hakunilaumu kwa maneno mengi. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama, ulitaka kunisitiri, au ulitaka kuniacha yatima kabisa?" Sikuwa na jawabu. Ama wale wakwe niliowaogopa, mama wa bwana harusi alikuja kunitazama na uji wa mchele, akaniuliza hali, akaniombea dua, akaondoka. Arusi ilikuwa miezi miwili baadaye. Khofu yangu yote ilikuwa ni khofu ya maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Ami yangu, aliyekuwa akisomesha watoto chuoni maisha yake yote, alikuja kunizuru, nami nikamuuliza juu ya sitara. Akanijibu, "Mwanangu, sheria imetuamrisha tufunike uchi wetu. Lakini mgonjwa akiwa mbele ya tabibu, sheria hiyo hiyo imemruhusu afunue pale panapohitaji tiba, kwa kadiri ya haja. Basi ikiwa mwili umeruhusiwa kufunuliwa, neno la mdomoni lafunikwa kwa nini? Sitara ni nguo, na nguo hailali na mtu kaburini ila ni sanda."

Maneno haya yalinikaa. Mwili ni amana tuliyopewa, na tabibu ni mtu tuliyemwita atusaidie kuihifadhi. Ukimficha, umemfunga kitambaa machoni kisha ukampa kisu. Naye tabibu ana amana yake, nayo ni kutunza siri ya mgonjwa. Siku ile ningeweza kumwambia jirani, "Dadangu, nisubiri nje kidogo," nikasema yangu yote mle ndani, na sitara yangu ikabaki kamili. Jambo lilikuwa jepesi namna hiyo.

Jino lenyewe liling'olewa baadaye, damu iliporudi kuwa sawa. Safari hii nilikwenda kwa yule yule kijana, nikamwomba radhi, nikampa barua ya daktari wa viungo. Alitaka kwanza damu ipimwe upya. Aliniwekea mto shingoni na hakuniinamisha sana nyuma, kwani baridi yabisi huweza kudhoofisha mifupa ya shingo. Kila baada ya muda aliniacha nipumzishe taya. Akanitia ganzi, akang'oa, akashona, akaniita tena baada ya siku chache atazame kama kidonda chapona, kwa kuwa alijua kuwa kwangu mimi usaha waweza kuja bila ya homa.

Alinifunza na mengine. Mtu asiache dawa yake ya viungo kwa kukisia eti kwa sababu ataka kung'oa jino. Methotreksati mara nyingi huendelea. Baadhi ya sindano mpya za kutuliza kinga huenda zikaahirishwa. Na prednisoloni haifai kukatwa ghafla, kwani mwili uliokwisha izoea huweza kuanguka. Ya kuendelea na ya kusimama ni madaktari wawili kuafikiana, si mgonjwa kuamua. Wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa pia na waseme, kwa sababu baadhi yake huweza kufanya mfupa wa taya usipone baada ya jino kutoka. Na ambaye ndiyo kwanza ataka kuanzishiwa dawa hizi, yafaa akatengeneze meno yake kabla, akipata nafasi.

Mimi sasa mpini wa mswaki wangu nimeuzungushia kitambaa na mpira mpaka umenenepa, waingia vizuri mkononi. Mswaki wa mti, ambao ni sunna, pia nautumia, ila kinywa kikiwa na vidonda nauacha mpaka vipone. Na katika mkoba wangu nina kadi yenye majina ya dawa zangu zote. Nikiingia duka la dawa huitoa kabla sijaulizwa. Vidonge vya jirani sivipokei tena, na vyangu simpi mtu. Kumpelekea mgonjwa uji na kumwombea dua ni wema, lakini kidonge kilichobaki si sadaka.

Neno la mwisho ni letu sote, wazima na wagonjwa. Nimejilaumu sana katika makala haya na nilistahiki. Lakini tujiulize pia, kwa nini mtu aogope kusema kuwa anaumwa? Ni kwa sababu ya vinywa vyetu. Tukisikia fulani ameonekana hospitali, twaanza kukisia, na makisio yakifika mtaa wa pili yamekwisha kuwa habari. Kila neno la namna hiyo ni tofali katika ukuta ambao mgonjwa hujificha nyuma yake, na huenda akafa humo. Tukitaka watu wetu waseme kweli mbele ya tabibu, basi na sisi tujifunze kunyamaza mbele ya jirani. Hapo ndipo mahali pa sitara.

Ninapoandika haya nashona kofia ya mjukuu wangu. Zamani ningeimaliza kwa miezi miwili. Hii sasa ni mwezi wa tano. Kijaluba kiko juu ya meza, wazi, na dawa zangu zimo ndani.

Wabillahi tawfiq.